Tikisa Nazi Kabla ya Kulipa

  Wadogo zangu, vuteni mkeka, mwenye mahamri alete, leo mazungumzo ni marefu.

Kuna binti wa hapa hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, aliyenitumia ujumbe usiku wa manane. Ana miaka 24, anatandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni, na jina lake nalihifadhi. Ameniandikia hivi:

“Dada, natakwa na watu wawili. Wa kwanza ana gari, hela ananitumia bila kuombwa, na Jumamosi hunipeleka kula Nyali. Wa pili anaendesha tuktuk ya tajiri wake, mfukoni hana kitu, lakini mamangu alipolazwa ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani. Moyo wangu unamwendea wa kwanza, kisha najichukia. Kwani mimi ni mpenda pesa?”

Mdogo wangu, ndiyo, unapenda pesa. Hata mimi nazipenda. Mtu anayelala chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wanane, choo cha shirika, maji ya kununua kwa mtungi kutoka mkokotenini, akiambiwa pesa si kitu anadanganywa mchana. Futa machozi. Swali lako si la aibu, na wako watu waliolisomea, wengine wakaja kulichunguza hapa hapa Afrika Mashariki.

Jicho lako ni la kurithi

Charles Darwin, katika kitabu alichotoa mwaka 1871, alijiuliza tausi dume anabebaje mkia mzito namna ile unaomchelewesha kukimbia adui. Jibu lake: tausi jike anaupenda. Viumbe hawapigani na njaa na maradhi tu, huchaguliwa pia. Miaka 101 baadaye, mwaka 1972, mwanabiolojia Robert Trivers akaongeza jambo ambalo bibi yako angemwambia bure: anayebeba mzigo mkubwa zaidi wa kulea ndiye anayechagua kwa makini zaidi.

Hebu tupige hesabu. Mimba miezi tisa, kunyonyesha miaka miwili, na mgongo haurudi ulivyokuwa. Kazi ya lazima ya mwanamume yaweza kwisha kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa maelfu ya miaka, mwanamke aliyejiuliza “nikiwa na kichanga mkononi, nani ataleta chakula?” ndiye ambaye wanawe walipata nafasi nzuri ya kukua. Sisi ni wajukuu zake. Jicho linaloangalia mfuko umelirithi kwake, kama ulivyorithi pua ya babako.

Mwaka 1989 David Buss, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa matokeo ya utafiti uliouliza watu 10,047 wa makundi 37 katika nchi 33 wanataka mwenzi wa namna gani. Kenya haikuwamo, ila Zambia, Nigeria na Afrika Kusini zilikuwamo. Katika makundi 36 kati ya 37, wanawake walijali uwezo wa kipato wa mwenzi kuliko wanaume walivyoujali. Katika makundi yote 37, wanaume walitaka mke mdogo kwao kwa umri, na wale wa Zambia walitaka tofauti ya zaidi ya miaka 7.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Mtaalamu mmoja, Monique Borgerhoff Mulder, aliishi na Wakipsigis wa Bonde la Ufa miaka ya 1980, akafuatilia ndoa za watu waliofungua makazi mapya ya Abosi. Aliona kwamba wanaume waliopata wake upesi ni wale wenye shamba kubwa la kumgawia kila mke. Aliyekuwa na ardhi tele alipendelewa hata kama nyumbani tayari yupo mke. Kwa binti wa Kikipsigis, ardhi ndiyo iliyokuwa gari.

Kwa hiyo wewe si mtu mbaya. Una macho tu. Shida inaanzia hapo kwenye macho.

Mchagua nazi

Mabibi zetu walitutisha kwa methali: mchagua nazi hupata koroma. Wakakusudia tusichague sana, tutabaki. Mimi mamangu aliuza nazi Kongowea, na nimekaa kando ya gunia lake utoto wangu wote. Nawaambia, niliowaona wakiondoka na koroma ni wale waliochagua kwa macho. Wanatafuta iliyo kubwa, ya mviringo, iliyofuliwa ikang'aa. Mamangu hakuwa akiziangalia. Alikuwa akiinua moja baada ya nyingine, anaipima uzito kiganjani, anaitikisa karibu na sikio. Ikilia maji, imekomaa. Isipolia, anairudisha hata kama ni nzuri vipi.

Nyama ya nazi huioni mpaka uivunje, na ukishaivunja ni yako. Mume ni vivyo hivyo. Unachokitafuta ni mtu ambaye mtoto akipata homa saa nane za usiku, yeye ataamka. Hicho hakionekani kwa nje. Kwa hiyo jicho linashika alama: gari, saa ya mkononi, hela zinazoingia kwenye simu. Zamani alama hizo zilikuwa ngumu kuigiza. Hakuna aliyeweza kuazima ekari 30 za Abosi kwa wikendi moja. Leo gari linakodishwa kwa siku, simu inachukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na hizo elfu mbili alizokutumia huenda ni mkopo wa simu wa Fuliza, atakatwa kesho.

Mwanabiolojia Amotz Zahavi alisema mwaka 1975 kwamba alama ya kuaminika ni ile inayomgharimu mwenye kuionyesha, kiasi kwamba mwongo hawezi kuimudu. Mkia wa tausi ni kweli kwa sababu tausi mgonjwa hawezi kuubeba. Sasa rudi kwenye barua yako, mdogo wangu. Uji wa kila asubuhi, kabla ya kazi, kwa mgonjwa ambaye si mama yake, unagharimu nini? Na chakula cha Nyali cha Jumamosi kinamgharimu nini mwenye pesa? Sisemi jibu bado. Nasema pima.

Ndugu yetu wa kiume naye analalamika

Nina ujumbe wa kaka mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma: “Dada, wasichana wa siku hizi wanaangalia mfuko tu. Mwanamume maskini hana utu?”

Kaka yangu, una utu, na uchungu wako nauelewa. Lakini hebu nikuulize. Hao wasichana waliokukataa walikuwa na umri gani? Walikuwa na sura gani? Kwani ulimposa yule mama wa viazi vya karai, mwenye miaka 38, watoto wawili na roho ya dhahabu, akakukataa? Hukumwona hata. Wewe unaangalia ujana na umbo, yeye anaangalia mfuko, na kila mmoja anamwita mwenzake mwenye tamaa. Hesabu ni ile ile ya zamani, mmesimama pande mbili tu za mizani.

Na kuna habari njema kwako. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, baadhi yao wameishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi hadi siku zetu hizi. Mtafiti Frank Marlowe aliwauliza wanataka mwenzi gani, akachapisha majibu mwaka 2004. Wanawake walitaka mwanamume anayejua kutafuta chakula, sawa, hilo tulilitegemea. Lakini wanaume na wanawake wote walitaja tabia kuwa jambo kubwa. Wanaume walisisitiza mke awe mchapakazi. Na wanawake walitaja sura karibu sawa na wanaume! Kwa hiyo, kaka, oga, nyoa ndevu, na ukiulizwa una nini, taja kazi ya mikono yako bila kuona haya.

Hata kwenye utafiti ule wa Buss, watu wa jinsia zote mbili walipoambiwa wapange sifa kwa uzito, wema na uelewa pamoja na akili ndivyo vilivyokaa juu. Pesa na sura zinabishaniwa sana barazani kwa sababu ndipo tunapotofautiana. Tunapokubaliana hakuna kelele.

Msisingizie mababu kila kitu

Sasa nikaripie kidogo. Kuna vijana wameshika maneno haya ya silika wakayageuza kibali: “Mwanamume ameumbwa hivi, dada, siwezi kujizuia.” Una silika ya kula pia, mbona huibi samosa za watu?

Halafu si kila pendeleo limetoka kwa mababu wa porini. Mengine yana tarehe. Mtaa wetu umekaa jirani na Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Kiingereza kwa watu waliokombolewa utumwani. Mombasa ya siku hizo ilipanga watu kwa madaraja, na neno lililotumika kwenye posa ni kufu, yaani mwenye hadhi sawa. Binti wa kiungwana hakuozwa mtu asiye kufu yake, ilhali mwanamume wa kiungwana aliweza kuweka suria wa kitumwa na watoto wakaitwa wake. Hiyo si silika, hiyo ni nguvu. Basi mama akikuambia “yule si kufu yako,” muulize kwa adabu: mama, unanena dini yake na tabia yake, au ukoo na rangi?

Na nikitaja rangi, niwaambie wenye mkorogo. Tamaa ya weupe mimi naiona imebeba historia hiyo hiyo ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo hula figo, haidrokwinoni huharibu ngozi, na zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya, japo vichochoroni bado zinauzwa. Umbo nalo lina wakati na mahali pake. Picha za simu zinataka kiuno cha nyigu. Wanaume wa Kihadzabe walipoonyeshwa michoro na Marlowe na mwenzake, walipendelea wanawake wenye mwili. Panapokuwa na njaa, mnene ndiye mwenye afya. Usijiue kwa ajili ya fasheni.

Orodha na mtu

Wengi wenu mnaniletea orodha. Awe mrefu, awe na kazi ya bandari au ya kaunti, asiwe na mtoto, aswali. Nzuri. Lakini sikieni kisa cha watafiti Paul Eastwick na Eli Finkel wa Marekani, mwaka 2008. Waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu orodha zao, kisha wakawakutanisha na wageni, dakika chache kila mmoja. Waliosema wanataka pesa hawakuvutiwa zaidi na wenye matarajio ya pesa, na waliosema wanataka sura hawakuwafuata wazuri kuliko wenzao. Orodha ilienda huku, moyo ukaenda kule.

Mimi mwenyewe nina ushahidi. Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa na orodha ya mambo kumi na moja. Nikampata mtu mwenye kumi. Lililokosekana lilikuwa la mwisho kabisa, niliandika “asiwe na hasira.” Miaka mitatu nilisikilizia funguo zake mlangoni nijue jioni itakuwaje. Leo ningeandika orodha ya jambo moja.

Basi orodha iwekeni, lakini mtu mtikiseni. Mitikiso yangu ni mitatu.

Kwanza, mtikise kwa muda. Mshahara ukiingia kila mtu ni mkarimu. Mwangalie mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba inadaiwa na mfuko umekauka. Anakuwa mkali? Anapotea? Anasema ukweli kwamba leo hana? Muda ndiyo alama isiyokodishwa.

Pili, mtikise kwa “hapana.” Mkatalie jambo dogo. Mwambie Jumamosi hii huendi, una chama na wenzako. Akikununia kidogo kisha akacheka, ni binadamu. Akikutukana, akikuhesabia alichokutumia, au akija kusimama nje ya kazini kwako, hiyo nazi irudishe guniani, pamoja na gunia lenyewe. Usingoje mtikiso wa pili.

Tatu, mtikise kwa watu asiowahitaji. Anamsemesha vipi mtu wa maji, kondakta, mhudumu wa hotelini? Kama ana mtoto wa zamani, anamlisha? Kwako wewe anatafuta kitu, lazima awe mtamu. Kwa hao hatafuti kitu, ndipo sauti ya maji inasikika.

Na kuna kitu ambacho hata sikio halikisikii. Kabla ya kuitana wachumba, nendeni hospitali wote wawili mkapimwe virusi vya UKIMWI, na mpimwe selimundu pia. Pwani yetu imeishi na malaria miaka na mikaka, na mwenye kubeba nusu ya selimundu hupata kinga fulani ya malaria, ndiyo maana wabebaji ni wengi huku kwetu na hawajijui. Wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Mzuri, mbaya, tajiri, maskini, usoni haionekani.

Kibindo chako

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na sehemu kubwa ya wosia wake ni namna ya kumridhisha mume. Wasomi wa leo wanamlaumu. Mimi simlaumu. Alijua binti yake anaingia dunia ambayo kula na kuvaa kwake vimo mkononi mwa mwanamume mmoja, akampa silaha aliyoona inafaa. Lakini wewe si wa mwaka 1858. Una laini ya simu kwa jina lako.

Mwaka 1999 watafiti Alice Eagly na Wendy Wood walizichukua takwimu zile zile za Buss, wakaona kwamba katika nchi ambazo wanawake wana usawa zaidi, hamu ya wanawake kutafuta mwenye pesa inapungua, na hamu ya wanaume kutafuta mpishi inapungua pia. Wataalamu bado wanazozana. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wa watu 14,399 katika nchi 45, ulikuta tofauti za wanawake na wanaume bado zipo pale pale, na kilichofuatana na usawa bila shaka ni umri tu: panapokuwa na usawa zaidi, wenzi hukaribiana miaka.

Wazozane. Mimi nimeona kwa macho yangu mtaani kwamba mwenye njaa hatikisi nazi, anachukua ya kwanza. Msichana aliye na kodi ya miezi mitatu pembeni anaweza kusema “nipe muda nifikirie.” Asiye nayo hasemi. Kwa hiyo ushauri wangu wa mapenzi kwa mabinti ni huu wa kuchosha: maliza kozi yako, ingia chama, fungua akaunti, na usiache kazi kwa sababu mtu amekuahidi atakulisha. Ukiolewa, mahari ni yako, si ya mjomba. Na mjue kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango, ingawa Muislamu anaweza kufuata sheria ya dini yake. Na wewe uliye chini ya miaka 18 unayesoma hapa kwa kuchungulia: Sheria ya Ndoa ya 2014 haikuruhusu kuolewa, na mzee anayekupa nauli ya shule hakupi kwa sababu ya shule.

Jibu kwa binti wa hoteli

Hukuniuliza nikuchagulie, nami sikuchagulii. Mwenye gari huenda ni mtu mwema ambaye pia ana gari, wapo. Muulize gari ni la nani, na umtazame anavyojibu. Huyo wa tuktuk naye usimpe cheti kwa sababu ya umaskini. Umaskini si tabia. Muulize hela za jioni zinaenda wapi baada ya kumpelekea tajiri zake: anaweka, anatuma nyumbani, au anabeti kwenye simu? Uji ameshaupeleka, hiyo ni sauti moja niliyoisikia, na ni sauti nzuri. Sikiliza kama kuna ya pili.

Wote wawili wanangoja jibu. Usimpe yeyote kabla ya tarehe 28. Siku hiyo waambie huna nauli ya kesho, kisha niandikie tena.